Shajara ya tasnifu: Frankenstein mbili, ya 1818 na ya 1831

Januari, mwishoni

Nafungua hii shajara ya tasnifu yangu ya MA, fasihi ya Kiingereza, ntakuwa naongeza humu kila kazi ikisogea, ili mwenye safari kama hii aone inavyokwenda kwa ndani. Mada imeshapita. Nashughulika na Frankenstein ya Mary Shelley, ile riwaya ya Victor Frankenstein, kijana anayeumba kiumbe hai afu kiumbe anamgeuka na kuua watu wake, ila swali langu lipo kwenye matoleo: riwaya ya 1818 na riwaya ya 1831 ni maandishi mawili tofauti yenye jina moja, na yote mawili yanauzwa mpaka leo, mtu anabeba lolote alilolikuta. Mnaweza kukaa na mwenzako mkabishana kuhusu Elizabeth, mchumba wa Victor, mpaka mkachoka, kumbe yeye ana Elizabeth wake na we una wako.

Historia kwa kifupi, maana bila hii mengine hayataeleweka. Toleo la kwanza lilitoka London tarehe 1 Januari 1818, juzuu tatu, nakala 500, jina la mwandishi halipo kabisa. Dibaji iliandikwa na mumewe, Percy Shelley, na kitabu kilitabarukiwa William Godwin, baba yake Mary, kwa hiyo wapo waliodhani Percy ndiye kaandika, hata mwandishi Walter Scott kwenye uhakiki wake alidhani hivyo. Mwaka 1823 likaja la pili, juzuu mbili, safari hii jina la Mary lipo, Godwin ndiye alilisimamia, na mwaka huohuo kulikuwa na tamthilia ya Peake iliyotokana na hii riwaya inachezwa jukwaani London. Afu tarehe 31 Oktoba 1831 likatoka la tatu, kitabu kimoja tu, namba 9 kwenye mfululizo wa Standard Novels wa wachapishaji Colburn na Bentley, Mary kaipitia riwaya upya na kaongeza utangulizi wake mwenyewe.

Hilo la tatu ndilo dunia iliyolisoma kwa zaidi ya miaka mia, na sababu kubwa ni biashara. Riwaya ya juzuu tatu enzi hizo ilikuwa imeshafika shilingi 31 na nusu za Kiingereza, Bentley akauza kitabu kizima kwa shilingi 6. Marekebisho ya mwandishi pia yalimsaidia mchapishaji upande wa hakimiliki, kitabu kikawa na kitu kipya cha kulindwa. Kwa hiyo hata kabla hujaingia kwenye mambo ya mtindo na falsafa, tayari kuna mkono wa soko kwenye maandishi unayoyasoma, na hilo nataka liwemo kwenye tasnifu toka ukurasa wa mwanzo.

Kuhusu kubana mada, nianze na hili kwa sababu naona wengi wa mwaka wangu wanahangaika nalo. Ukiandika "sayansi na maadili katika Frankenstein" hiyo ni maktaba nzima, sio tasnifu. Kilichonisaidia ni kujiuliza swali ambalo jibu lake linaweza kuonekana kwenye ukurasa, yani mtu akinibishia namfungulia kitabu. "Nini kilibadilika kati ya 1818 na 1831, na mabadiliko hayo yanamgusa nani ndani ya hadithi" ni swali la namna hiyo. Msimamizi alilipenda, akaniuliza kitu kimoja tu: "Mwandishi mwenyewe anasemaje kuhusu mabadiliko hayo?" Nikarudi kwenye utangulizi wa 1831.

Februari

Nimekaa na huo utangulizi muda mrefu kuliko nilivyopanga na sijutii.

Wengi wanausoma kwa sababu ya ile stori ya Ziwa Geneva, majira ya joto ya 1816 ambayo hayakuwa na joto, mvua haikatiki (mlima Tambora ulikuwa umelipuka mwaka uliotangulia ukavuruga hali ya hewa), mshairi Byron anapendekeza kila mtu atunge hadithi ya kutisha. Stori nzuri sana. Ila mimi kinachonihusu ni yale maneno ya mwishoni kabisa, aya fupi ambayo msomaji anairuka akiwahi hadithi. Pale Mary anasema mabadiliko aliyofanya ni ya mtindo zaidi, kwamba hakubadili sehemu yoyote ya hadithi wala kuingiza mawazo mapya, na kwamba marekebisho karibu yote yapo mwanzoni mwa juzuu ya kwanza.

Sasa fungua Elizabeth. Kwenye 1818 ni binti wa shangazi yake Victor, yani dada yake Alphonse Frankenstein, baba yake Victor, aliyeolewa na bwana wa Kiitaliano. Mama anafariki, baba mtu anataka kuoa tena, anamwandikia Alphonse amchukue mtoto. Ni ndugu wa damu. Kwenye 1831 huyo shangazi hayupo tena. Mama yake Victor anaingia kwenye kibanda cha wakulima maskini karibu na Ziwa Como, anakuta watoto watano, wanne wana macho meusi, mmoja mweupe wa nywele za dhahabu haendani nao kabisa, anaambiwa ni mtoto wa mtu mkubwa wa Milan ambaye mkewe Mjerumani alifariki wakati wa kujifungua na mwenyewe kapotelea kwenye harakati za kuikomboa Italia. Mama anamchukua, na akifika nyumbani anamtangaza kwa mwanae kama zawadi nzuri ya Victor, na Victor mtoto anayabeba hayo maneno kama yalivyo, anamhesabu Elizabeth ni mali yake.

Huo ni mtindo? Asili ya mtu imebadilika, damu imebadilika, tabaka limebadilika, na mwanamke kageuka kitu cha kukabidhiwa. Kuna jibu rahisi la kusema Mary anaficha au kasahau, na mimi silitaki, naliona ni la haraka mno. Mwandishi anayetoa kitabu chake kwenye mfululizo wa bei nafuu, mjane, ana mtoto mmoja aliyebaki, posho inatoka kwa baba mkwe Sir Timothy ambaye hataki hata jina la familia litajwe hadharani, huyo ana sababu nyingi za kuwaambia wasomaji kwamba kitabu ni kilekile. Ile aya ni sehemu ya maandishi na inabidi isomwe kama tunavyosoma maandishi mengine, kwa kuuliza inafanya kazi gani na inaongea na nani. Hiyo sentensi nimeibandika ukutani juu ya meza.

Ntaongeza tu kwamba maisha yake yanavuta mno. Kafiwa na watoto watatu, mume kazama baharini 1822, Byron kafa 1824, ukishajua hayo unaona msiba kwenye kila sentensi ya 1831. Nimejiwekea mpaka: maisha yataingia pale tu yanapoeleza mazingira ya kuchapisha, hayaingii kama ushahidi wa maana ya sentensi.

Machi

Mwezi wa jedwali. Hapa hakuna nadharia hata kidogo, ni mkono na macho.

Nafungua matoleo yote mawili sambamba, aya kwa aya, na kwenye kompyuta nina jedwali: safu ya kwanza juzuu na sura ya 1818, ya pili sura ya 1831, ya tatu kilichotolewa, ya nne kilichoongezwa, ya tano nani anaongea, ya sita maoni yangu ambayo nayaandika kwa rangi nyingine ili nisije nikayachanganya na ushahidi. Tahadhari kwa atakayefanya kazi kama hii, namba za sura haziendani. 1818 kila juzuu inaanza kuhesabu upya, saba, tisa, saba. 1831 inahesabu moja kwa moja mpaka 24, kwa sababu sura ya kwanza ya zamani ilinenepa ikawa mbili. Kwa hiyo ukinukuu taja juzuu na sura, usitegemee namba ya ukurasa peke yake, msomaji wako anaweza kuwa na chapa nyingine kabisa na hataona kitu.

Zipo zana za mtandaoni zinazolinganisha maandishi zenyewe, nimezitumia kuhakiki, ila kazi kubwa nimeifanya kwa kusoma maana mashine inakuonesha kila koma iliyohama kwa uzito uleule inaotumia kukuonesha kufutwa kwa shangazi. Kuamua kipi kizito ni kazi ya msomaji.

Nitoe mfano mmoja wa kile ninachokiona kwenye jedwali. Victor anafika Ingolstadt chuoni. Kwenye 1818 anasema tu kwamba alikwenda kuwaona baadhi ya maprofesa, akiwemo Krempe. Basi, ni kijana kaenda kujitambulisha. Kwenye 1831 kabla ya jina la Krempe inaingizwa sentensi nzito inayosema ni bahati, au tuseme nguvu mbaya, Malaika wa Maangamizi aliyemtawala toka alipotoka mlangoni kwa baba yake, ndiye aliyempeleka kwa huyo profesa. Tukio ni lilelile, mtu kaenda ofisini kwa mwalimu, ila sasa hajaenda, kapelekwa. Mbele kidogo, maneno ya profesa Waldman yanageuzwa kuwa maneno ya majaaliwa yaliyotamkwa ili kumwangamiza. Na mwisho wa sura ya pili majaaliwa yanatajwa kuwa na nguvu zisizopingika, zimeshaandika maangamizi yake. Ukiona vitu vitatu hivi kwenye jedwali vimekaa mstari mmoja mwili unasisimka, kwa sababu unaona mkono wa mwandishi ukitembea.

Ni haki kusema pia kwamba neno majaaliwa lipo toka 1818, Victor wa kwanza naye anasema falsafa ya maumbile (yani sayansi, kwa lugha ya enzi hizo) ndiyo iliyoongoza majaaliwa yake. Kilichobadilika ni uzito na mara ngapi linarudi. Hii nimeiandika kwa herufi kubwa kwa sababu ni rahisi sana kuipaka 1818 rangi ya uhuru mtupu na 1831 rangi ya minyororo mitupu.

Kingine cha mwezi huu ni miswada. Madaftari ambayo Mary aliandikia rasimu yapo Maktaba ya Bodleian, Oxford, Charles Robinson aliyahariri na kuyachapisha 1996, na picha zake sasa zipo bure mtandaoni kwenye Shelley-Godwin Archive. Unaona mwandiko wa Mary na pembeni masahihisho ya Percy, ukurasa kwa ukurasa. Kwa mwanafunzi asiye na nauli ya kwenda popote hii ni neema. Siwezi kufanya tasnifu ya miswada, nje ya mipaka yangu, lakini imenisaidia kuona kwamba hata 1818 haikuwa maandishi safi ya mtu mmoja, tayari ilikuwa na mkono wa pili ndani yake. Halafu kuna nakala ya 1818 ambayo Mary aliandika marekebisho kwa mkono pembezoni akampa rafiki yake Bi. Thomas kule Genoa mwaka 1823, leo ipo Morgan Library, New York. Maana yake wazo la kubadili lilikuwepo miaka minane kabla ya Bentley, kwa hiyo soko peke yake halitoshi kueleza kila kitu. Hii imenilazimu kupunguza ukali wa ile hoja yangu ya Januari, ipo, ila haijabeba nyumba nzima.

Aprili

Mapitio ya tafiti. Nimeyaacha mpaka sasa kwa makusudi, nilitaka niwe na jedwali langu kwanza ndipo nisikilize wakubwa wanasemaje. Msimamizi wangu ana msemo wake, "usianze kuniambia mhakiki kasema nini, anza na ukurasa unasema nini", na nimeona faida yake maana sasa nikisoma makala najua ni mstari gani anaouongelea na ni upi ameuruka.

Picha ya jumla iko hivi. James Rieger 1974 ndiye aliyerudisha maandishi ya 1818 mezani kwa toleo la kitaaluma. Anne Mellor miaka ya 1980 mwishoni na 1990 akatetea kwamba 1818 ndilo la kufundishia, hoja yake kwamba wahusika wa 1818 wana hiari, na 1831 inawafanya watumwa wa majaaliwa na maumbile yanayojiendesha kama mashine. Marilyn Butler, toleo lake la 1993, anakwenda upande wa sayansi: 1818 ilikuwa karibu na ubishi wa madaktari wa London kuhusu uhai ni nini, na William Lawrence, aliyekuwa daktari wa akina Shelley, alitoa mihadhara iliyochapishwa 1819 ikashambuliwa vibaya, na mwaka 1822 mahakama ikaona ina kufuru kiasi kwamba hakimiliki yake hailindwi. Kwa Butler, mwaka 1831 ilikuwa busara kuipunguzia riwaya makali. Na Nora Crook yeye akasimama kuitetea 1831, kwamba tofauti zimekuzwa na kwamba Mary wa 1831 hakuwa kondoo kama anavyochorwa.

Nawaheshimu wote na nimejifunza kwao. Ninachokiona ni kwamba mjadala unakaa sana kwa Victor, je ana hiari au hana, na kwa Elizabeth. Kuna mtu mmoja kwenye jedwali langu ambaye mistari yake inazidi kuongezeka na haendani na picha ya "1831 inaondoa hiari". Clerval.

Mei, katikati

Hii ndiyo sehemu iliyonifanya nisilale vizuri, kwa furaha.

Henry Clerval, rafiki yake Victor, kwenye 1818 anatambulishwa kwamba ni kijana mwenye kipaji na ubunifu, na sentensi inayofuata inasema akiwa na miaka tisa alitunga hadithi ya kichawi iliyowafurahisha wenzake wote. Mtunzi. Kwenye 1831 kile kipaji kinabaki, ila baada yake inaingia sentensi mpya kwamba alipenda ujasiri wa kuthubutu, taabu, na hata hatari kwa ajili ya hatari yenyewe. Ni sentensi moja tu na inamgeuza mtoto.

Twende chuoni. 1818 Clerval anasoma lugha kwa mapenzi ya lugha, akishazimaliza Kigiriki na Kilatini anaingia Kiajemi, Kiarabu na Kiebrania. 1831 anageuza macho Mashariki kwa sababu huko kuna nafasi ya ari yake ya kuthubutu, na orodha inakuwa Kiajemi, Kiarabu na Kisanskriti. Angalia hiyo orodha kwa utulivu. Kiebrania kimetoka, Kisanskriti kimeingia. Kiebrania ni lugha ya mtu wa maandiko na maktaba. Kisanskriti kwa Mwingereza wa miaka ya 1830 kinaelekeza India, na India ni Kampuni ya India ya Mashariki, ile ya Waingereza iliyoitawala enzi hizo, ni mahakama, kodi na ajira. Ukiwa unasoma haraka hii unaiona ni badiliko la kipuuzi, lugha moja kwa nyingine, afu unafika sura ya 19, wakiwa London, ndani kabisa ya iliyokuwa juzuu ya tatu, unakuta kitu ambacho 1818 hakipo kabisa: Clerval ana mpango wa kwenda India, anaamini ujuzi wake wa lugha za huko utasaidia kwa kiasi kikubwa kuendeleza ukoloni na biashara ya Ulaya. Imeandikwa waziwazi namna hiyo.

Na kumbuka mwandishi kasema mabadiliko karibu yote yapo mwanzoni mwa juzuu ya kwanza.

Kwa hiyo sasa naweka pamoja. Victor wa 1831 anapungukiwa hiari, anapelekwa. Clerval wa 1831 anaongezewa hiari, ana mpango, ana mwelekeo, ana kazi anayoitaka. Walton, yule nahodha wa kuelekea ncha ya kaskazini anayesimulia barua, naye 1831 anaongezewa: anamwambia Victor yuko tayari kutoa mali yake na maisha yake, kwamba uhai au kifo cha mtu mmoja ni bei ndogo kwa maarifa anayoyatafuta, na Victor analia, anamuuliza kama naye ana wazimu wake. Hiyo haipo 1818. Na Elizabeth upande wa pili ananyang'anywa: baada ya hukumu ya Justine, mtumishi wa nyumbani kwao anayehukumiwa kifo kwa mauaji yaliyofanywa na kiumbe, Elizabeth wa 1818 ana maneno makali sana juu ya haki inayomuua mtu taratibu kwa mateso ikilipa kifo cha mwingine, na wauaji wanaondoka mikono inanuka damu ya asiye na hatia wakidhani wamefanya jambo kubwa. 1831 hayo maneno yamekatwa, anabaki na machozi na subira.

Hoja yangu imekaa hivi sasa: hiari haijafutwa mwaka 1831, imehamishwa. Imetolewa kwa yule anayetakiwa kuwajibika na kwa mwanamke anayeshutumu, ikapewa wanaume wanaotoka kwenda nje, mmoja Kaskazini, mmoja Mashariki. Na wote wawili riwaya inawazuia, Walton anageuza meli, Clerval anauawa kabla hajapanda meli ya kwenda popote. Hapo ndipo ugumu ulipo na sitaki kuukimbia: je 1831 inaupongeza huo mpango wa India au inauzika na mwenye nao? Nikimwonesha msimamizi jedwali alikaa kimya akasoma, akasema, "Hii ni tasnifu. Usiharakishe kujibu hilo swali la mwisho."

Juni

Nadharia. Sasa naihitaji na najua naihitajia nini, tofauti kabisa na ule utaratibu wa kuchagua nadharia kwanza afu kuzungusha riwaya humo.

Mhakiki Gayatri Spivak ana makala ya 1985 kuhusu maandishi matatu ya wanawake na ubeberu, Frankenstein ikiwemo, na hoja yake ni kwamba fasihi ya Kiingereza ya karne ya 19 haisomeki bila kukumbuka kwamba ubeberu ulikuwa sehemu ya jinsi Uingereza ilivyojiona. Mimi nachukua hilo na kuuliza swali la mwanahistoria wa vitabu: basi ubeberu umeingia lini kwenye *hii* riwaya, kwenye toleo lipi, kwa sentensi zipi? Kwa sababu sio kwamba 1818 haina kitu. Ndani ya simulizi la kiumbe, Safie Mwarabu, mgeni kwenye familia ambayo kiumbe anaichungulia kwa siri, anafundishwa kwa kitabu cha Mfaransa Volney cha 1791 kuhusu kuanguka kwa madola, na kiumbe anasikiliza nyuma ya ukuta analia kwa yaliyowapata wenyeji wa Amerika. Kilio hicho kipo 1818 na kimebaki 1831. Yani toleo la mwisho lina vitu viwili ndani ya jalada moja, kiumbe analia kwa waliotekwa na rafiki wa Victor anapanga kwenda kusaidia kuteka. Sijui kama kuna sehemu nyingine ya riwaya inayonigusa kiasi hiki. Sisi tunaosoma fasihi hii tukiwa tumetoka upande wa pili wa hiyo historia tuna haki ya kukaa hapo muda mrefu, na tuna kitu cha kusema ambacho hakijasemwa kikaisha.

Hii nimeipa chapta nzima, ya tatu. Ya kwanza ni historia ya matoleo, ya pili ni Victor na Elizabeth, na hiyo ya pili nimeifupisha kwa sababu waliotangulia wameifanya vizuri.

Julai na Agosti

Kuandika. Hapa sina mengi ya kusimulia, kila siku asubuhi kabla ya simu na ujumbe, naanza na nukuu, nazungumza na nukuu, ndipo naita wahakiki. Aya isiyo na nukuu ya maandishi nayofanyia kazi naitilia shaka. Rejea naziweka hapohapo wakati naandika, kwa mtindo wa MLA (utaratibu wa kutaja vyanzo unaotumika sana kwenye fasihi), sisubiri mwisho.

Jambo moja la mtindo limenigharimu muda na nadhani litamsaidia mtu: ukifanya kazi ya matoleo mawili sentensi zako zinachoka haraka, "katika 1818 hivi, katika 1831 vile", ukurasa mzima unayumba kushoto kulia. Dawa niliyoipata ni kumfuata mtu badala ya mwaka. Naanza aya na Clerval anafanya nini, namfuata ndani ya toleo moja mpaka mwisho wa tukio, ndipo naleta toleo la pili mara moja pale pale panapouma. Msomaji anapumua na tofauti inaonekana kubwa zaidi kwa kuwa kashamzoea mtu.

Chapta ya kwanza na ya pili zimerudi na maoni, mengi ni ya kukaza hoja. Pembeni ya sehemu ya Bentley msimamizi kaandika nioneshe ni marekebisho gani ya 1831 yalishakuwepo kwenye toleo la 1823, kwa sababu 1831 ilijengwa juu ya maandishi ya 1823 na Godwin ndiye aliyelipitisha lile la pili. Ni hoja nzito, haki yake kabisa. Nimeongeza safu ya saba kwenye jedwali, 1823, na naipitia mistari ya Clerval kwanza.

Ya tatu nimeituma juzi. Lile swali la kama riwaya inaupongeza mpango wa India au inauzika, nimeliacha kwenye kurasa za mwisho likiwa limegawanyika pande mbili na ushahidi wa kila upande, na msimamo wangu nimeuandika: kwamba kifo cha Clerval hakiwezi kusomwa kama hukumu dhidi ya ukoloni kwa sababu kiumbe anamuua kwa kumlenga Victor, India haimo kabisa kwenye sababu zake, lakini kuweka mpango huo kwenye kitabu ambacho kiumbe wake kashawalilia waliotekwa ni kuuacha usimame mbele ya shahidi. Nasubiri maoni. Wakati nasubiri naandika hitimisho na kusafisha jedwali liingie kama kiambatisho, ili mwanafunzi atakayekuja asianze kuhesabu sura upya.